Kiungo cha Bolti katika Kiunzi cha Chuma cha Kufumuliwa

Viko viunzi vya chuma ambavyo havikukusudiwa kudumu mahali pamoja. Jukwaa la sherehe husimamishwa uwanjani leo, na baada ya siku tatu hufumuliwa, hupakiwa katika lori na kupelekwa mji mwingine. Banda la ghala hujengwa penye kazi ya barabara, na kazi ikisha huhamishwa pamoja na mafundi. Daraja la dharura hutandazwa juu ya mto uliosomba daraja la zamani, kisha huondolewa daraja la kudumu linapokamilika. Vyuma vya viunzi hivyo haviunganishwi kwa kuchomelewa, bali kwa bolti na nati, ili spana iliyovifunga ndiyo itakayovifungua.

Ujenzi wa namna hii si jambo jipya. Jumba la Crystal Palace, lililojengwa London mwaka 1851 kwa chuma, mbao na vioo, lilifumuliwa baada ya maonyesho yaliyofanyika humo, likajengwa upya katika kiwanja cha Sydenham na kufunguliwa mwaka 1854. Lilisimama huko mpaka lilipoteketea kwa moto mwaka 1936. Karibu na wakati wetu, Uwanja wa 974 mjini Doha, uliotumika katika mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 2022, ulibuniwa kwa kiunzi cha chuma na makontena 974, kwa kusudi kwamba uweze kufumuliwa na kujengwa mahali pengine.

Mhandisi anayebuni kiunzi cha namna hii hukabiliwa na swali ambalo juu juu laonekana dogo: je, kiungo cha bolti hufanya nini hasa pale mzigo unapokilemea? Kabla kiunzi hakijasimamishwa, mhandisi hukiwakilisha kwa mistari na milinganyo, ama kwa mkono, ama kwa kompyuta. Uwakilishi huo huitwa kielelezo cha kihesabu. Vyuma vyenyewe huwakilishwa kwa urahisi, maana tabia ya chuma cha pua yafahamika vyema. Ugumu uko penye viungo. Kielelezo kikikosea huko, majibu yote yatokayo humo, hata yakiwa na tarakimu sita baada ya nukta, yatakuwa ni majibu ya kiunzi kingine kisichokuwako.

Bawaba, mwamba na springi

Kwa muda mrefu wahandisi walitumia vielelezo viwili tu vya kiungo. Cha kwanza ni kiungo cha bawaba. Hiki huchukuliwa kuwa hushika ncha ya boriti isiende juu wala chini, kushoto wala kulia, lakini huiacha izunguke bila kizuizi, kama mlango unavyozunguka katika bawaba zake. Cha pili ni kiungo kakamavu. Hiki huchukuliwa kuwa hushika ncha ya boriti isizunguke kabisa kuhusiana na nguzo, kana kwamba vyote viwili vilichongwa katika mwamba mmoja.

Tofauti ya vielelezo hivyo yaonekana wazi katika mfano ufuatao. Na ichukuliwe boriti yenye urefu wa mita 6, iliyobeba mzigo uliotandazwa sawasawa wa kiloniutoni 10 kwa kila mita. Ikiwa ncha zake ni bawaba, momenti ya kupinda katikati ya boriti ni wL²/8, yaani 10 × 36 ÷ 8 = kiloniutoni-mita 45, na penye ncha hakuna momenti yoyote. Ikiwa ncha ni kakamavu kabisa, momenti penye kila ncha ni wL²/12, yaani kiloniutoni-mita 30, na katikati hubaki 15 tu. Mnepo wa boriti yenye bawaba ni mara tano ya mnepo wa boriti yenye ncha kakamavu.

Yafaa mwanafunzi atambue jambo moja hapa: 30 na 15 zikijumlishwa ni 45. Kiungo hakiondoi mzigo hata chembe. Kazi yake ni kugawa: kiasi gani kichukuliwe na katikati ya boriti, na kiasi gani kipelekwe penye ncha, na kutoka huko mpaka katika nguzo. Anayedhani kiungo ni bawaba kumbe ni kakamavu, hupeleka katika nguzo momenti ambayo hakuihesabu. Anayedhani kiungo ni kakamavu kumbe ni bawaba, huiachia boriti mara tatu ya momenti aliyoitarajia katikati.

Basi ukweli uko wapi? Kwa kiungo cha bolti, mara nyingi ukweli uko katikati ya hayo mawili. Bamba lililochomelewa penye ncha ya boriti na kufungwa kwa bolti nne katika nguzo huzuia mzunguko, lakini halizuii wote. Bamba hupinda kidogo, bolti hunyumbuka kidogo, na ukuta wa nguzo hubonyea kidogo. Kiungo hicho huitwa nusu-kakamavu, na kielelezo chake kinachofaa ni springi ya mzunguko: kadiri kinavyozungushwa, ndivyo kinavyojibu kwa momenti kubwa zaidi. Ukakamavu wake, S, ni momenti inayohitajika ili kukizungusha kwa radiani moja.

Mlinganyo wake si mgumu. Ncha ya boriti yenye bawaba, chini ya mzigo uliotajwa, huzunguka kwa wL³/24EI, ambapo E ni moduli ya Young ya chuma na I ni momenti ya pili ya eneo la mkato wa boriti. Momenti M ikiwekwa penye ncha zote mbili hurudisha mzunguko huo nyuma kwa ML/2EI. Mzunguko unaosalia lazima uwe sawa na mzunguko wa springi, yaani M/S. Kwa hiyo:

wL³/24EI − ML/2EI = M/S

na kutoka hapo:

M = (wL²/12) ÷ (1 + 2EI/SL)

S ikiwa sifuri, M ni sifuri, nayo ni bawaba. S ikiwa kubwa bila kikomo, M ni wL²/12, nacho ni kiungo kakamavu. Mlinganyo mmoja umevikusanya vielelezo vyote viwili vya zamani, pamoja na viungo vyote vilivyo kati yao. Kwa boriti ya mfano matokeo ni haya:

S = 0: momenti ya ncha 0, ya katikati 45, mnepo sehemu 5.
S = 2EI/L: momenti ya ncha 15, ya katikati 30, mnepo sehemu 3.
S = 6EI/L: momenti ya ncha 22.5, ya katikati 22.5, mnepo sehemu 2.
S kubwa bila kikomo: momenti ya ncha 30, ya katikati 15, mnepo sehemu 1.

Mstari wa tatu wastahili kuangaliwa kwa makini. Hapo momenti ya ncha na ya katikati ni sawa, na momenti iliyo kubwa kuliko zote katika boriti ni nusu ya ile ya bawaba. Hivyo kiungo nusu-kakamavu si kiungo kibovu. Kikijulikana ukakamavu wake, chaweza kuipunguzia boriti mzigo kuliko hata kiungo kakamavu kabisa. Hatari haimo katika unusu wake, bali katika kutojulikana kwake.

Kanuni za ujenzi wa chuma zinazotumika Ulaya, ambazo sehemu yake ya viungo ilitolewa mwaka 2005, zimeweka mipaka. Kiungo ambacho S yake haizidi 0.5EI/L chaweza kuchukuliwa kuwa bawaba. Katika kiunzi kisichokuwa na vyuma vya mshazari vya kutosha, kiungo chaweza kuchukuliwa kuwa kakamavu iwapo S yake inafika 25EI/L. Mwanafunzi akitia thamani hizo katika mlinganyo ataona kuwa momenti ya ncha ni 6 katika mpaka wa chini, na 27.8 katika mpaka wa juu. Kwa hiyo hata kinachoitwa bawaba hubeba kidogo, na kinachoitwa kakamavu huachia kidogo.

Kanuni hizo hizo zaeleza namna ya kuipata S bila kukipima kila kiungo maabarani. Kiungo hugawanywa katika sehemu zake: bolti zinazovutwa, bamba linalopindwa, ukingo wa nguzo unaopindwa, ukuta wa nguzo unaogandamizwa. Kila sehemu huchukuliwa kuwa springi yenye ukakamavu wake, kisha springi hizo huunganishwa kwa mfuatano kama afanyavyo mwanafunzi wa kidato cha tatu. Na kama ilivyo kwa springi zote zilizofuatana, ile iliyo laini kuliko zote ndiyo inayotawala. Kuongeza unene wa bamba hakusaidii sana ikiwa unyonge uko katika nguzo.

Bolti ifanyavyo kazi

Yaliyoelezwa mpaka hapa yachukulia kwamba kiungo kimebana. Lakini kubana ni nini? Hapa yafaa kuiangalia bolti moja peke yake.

Na ichukuliwe bolti yenye kipenyo cha milimita 20, iliyopigwa chapa ya 8.8 kichwani. Tarakimu ya kwanza, ikizidishwa kwa 100, ni mkazo wa kukatikia: niutoni 800 kwa kila milimita ya mraba. Tarakimu ya pili yaonyesha kwamba chuma chake huanza kunyumbuka bila kurudi kinapofikia sehemu 0.8 ya mkazo huo, yaani niutoni 640. Eneo linalobeba mvuto penye hesi ni milimita za mraba 245. Basi bolti hiyo hukatika ikivutwa kwa 800 × 245, yaani kiloniutoni 196, ambazo ni sawa na uzito wa tani 20 hivi.

Mabamba mawili yaliyofungwa kwa bolti hii yakivutwa kila moja upande wake, mzigo waweza kupita kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni msuguano. Nati ikikazwa, bolti hunyooka kidogo kama springi na kuyabana mabamba, nayo mabamba hukataa kuteleza. Njia ya pili ni kuegemea. Mabamba yakishateleza, ukingo wa tundu huigonga bolti, na bolti hupokea mzigo kwa ubavu wake, kama mkasi unavyotaka kuikata.

Bolti hiyo ikikazwa mpaka asilimia 70 ya nguvu zake, hubana kwa kiloniutoni 137. Ikiwa nyuso za mabamba zimesuguliwa kwa brashi ya waya na kizigeu cha msuguano ni 0.3, mabamba yatashikilia kiloniutoni 41 kabla ya kuteleza. Nyuso zisiposafishwa, kizigeu huweza kushuka hadi 0.2, na kiasi hicho kuwa 27. Lakini bolti yenyewe haikatwi ubavuni mpaka mzigo ufike asilimia 60 hivi ya 196, yaani kiloniutoni 118. Kwa hiyo baina ya kuteleza na kukatika pana nafasi kubwa. Kiungo kilichoteleza hakijavunjika. Hata hivyo kimehama, na kuhama huko ndiko kunakosahauliwa na vielelezo vingi.

Swali la pili ni kama bolti hiyo imekazwa kweli. Kanuni inayotumika mara nyingi ni T = kFd, ambapo T ni momenti ya spana, F ni kani ya kubana, d ni kipenyo, na k ni namba inayotegemea hali ya hesi, kwa kawaida karibu na 0.2. Ili kupata kiloniutoni 137 yahitajika momenti ya 0.2 × 137,000 × 0.02, yaani niutoni-mita 548. Fundi anayevuta kwa niutoni 400 angehitaji spana yenye mkono wa mita 1.37. Kwa spana ya nusu mita hupata niutoni-mita 200 tu, na bolti hubana kwa kiloniutoni 50. Msuguano wake basi ni kiloniutoni 15, mahali pa 41 zilizoandikwa katika hesabu. Na hesi ikiwa imeshika kutu hata k ikafika 0.3, momenti ile ile ya fundi huleta kiloniutoni 33 peke yake. Mkono wa fundi huhisi uzito ule ule katika hali zote mbili, kwa sababu mkono huhisi spana, hauhisi bolti.

Kukaza vyema kuna faida nyingine. Mabamba yaliyobanwa nayo ni springi, tena ngumu kuliko bolti. Ikiwa ukakamavu wa mabamba ni mara nne ya ule wa bolti, na bolti imekazwa kwa kiloniutoni 100, kisha mzigo wa kiloniutoni 40 ukaja kuyatenganisha mabamba, bolti huongezewa moja ya tano tu ya mzigo huo. Mvuto wake huwa 108, na kani inayoyabana mabamba hupungua kutoka 100 hadi 68. Mzigo ukija na kuondoka mara elfu nyingi, kama chini ya miguu ya watu wanaorukaruka jukwaani, bolti iliyokazwa hutikisika baina ya 100 na 108. Bolti iliyolegea hutikisika baina ya sifuri na 40, na mtikisiko huo mkubwa ndio unaoichosha mpaka ikapasuka.

Nafasi ndogo ndani ya tundu

Bolti ya milimita 20 huingizwa katika tundu la milimita 22. Pasipo nafasi hiyo mafundi wasingeweza kukifunga kiunzi, hasa kilichokwisha kufumuliwa na kugongwagongwa safarini. Lakini kila bamba likiweza kusogea milimita 1 kutoka katikati ya bolti, mabamba mawili yaweza kupishana kwa milimita 2 kabla bolti haijaegemea.

Milimita 2 ni kitu gani? Na ichukuliwe nguzo yenye kimo cha mita 3, inayosimama juu ya kitako cha bawaba, nayo imeunganishwa na boriti kwa bolti mbili zilizoachana kwa milimita 200. Kiungo kikiteleza, bolti ya juu huruhusu milimita 2 upande mmoja, na ya chini milimita 2 upande wa pili. Mzunguko ni 4 ÷ 200, yaani radiani 0.02. Katika kimo cha milimita 3000, kichwa cha nguzo huinama kwa milimita 60, na hakuna bolti hata moja iliyoanza kubeba mzigo kwa ubavu wake. Kielelezo kilichochukulia kwamba kiungo ni kakamavu hakitaonyesha chochote cha hayo.

Sasa kiunzi hicho hicho, chenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, kitiwe chuma cha mshazari chenye urefu wa mita 5. Kila ncha ya mshazari ikiteleza milimita 2, urefu wake waongezeka kwa milimita 4. Kwa kuwa mshazari umelala kwa uwiano wa 4 kwa 5, kichwa cha kiunzi huhama kwa 4 ÷ 0.8, yaani milimita 5. Nafasi ya matundu ni ile ile, bolti ni zile zile, lakini 60 zimekuwa 5. Hii ndiyo sababu mjenzi mzoefu wa majukwaa hakubali kuondoa mshazari hata mmoja, ijapokuwa waonekana kuziba njia.

Hata hivyo milimita 5 hizo si haba. Ikiwa mkato wa mshazari una eneo la milimita za mraba 500 na unavutwa kwa kiloniutoni 20, kunyumbuka kwake kwa kawaida ni FL/AE, yaani 20,000 × 5,000 ÷ (500 × 200,000) = milimita 1. Kwa maneno mengine, kuteleza kwa bolti kumeurefusha mshazari mara nne ya kunyumbuka kwa chuma chenyewe. Kompyuta inayohesabu kunyumbuka peke yake itasema kiunzi kimehama milimita 1.25. Fundi atakayepima kwa timazi ataona 6.25.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni daraja la Bailey, lililobuniwa na Mwingereza Donald Bailey mnamo mwaka 1940, na ambalo aina zake zingali zikitumika ulimwenguni, Afrika ya Mashariki ikiwa miongoni, pale mafuriko yanapokata barabara. Daraja hilo huundwa kwa fremu za chuma zenye urefu wa mita 3 hivi na kimo cha mita 1.5, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 260 hivi, ili watu sita waweze kuibeba. Fremu huunganishwa ncha kwa ncha kwa pini. Ikiwa kila kiungo cha upande wa chini kinafunguka kwa milimita 1 tu kwa sababu ya nafasi iliyomo baina ya pini na tundu, kila kiungo hupata kona ya 1 ÷ 1500. Kona hizo hujumlishana, na mnepo wa katikati huwa (milimita 2) × n² ÷ 8, ambapo n ni idadi ya fremu. Kwa fremu 10 mnepo ni milimita 25. Kwa fremu 20 ni milimita 100. Urefu umeongezeka mara mbili, mnepo mara nne, na bado hakuna gari lililopita. Ndiyo maana wahandisi wa madaraja haya huuhesabu mnepo wa pini mbali na mnepo wa mzigo.

Onyo la Hartford

Kwamba viungo vyaweza kuusaliti mfumo mzima, lilidhihirika katika mji wa Hartford, Marekani, alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978. Paa kubwa la ukumbi wa michezo, lenye vipimo vya mita 110 kwa 91 hivi, lilianguka chini ya uzito wa theluji. Saa chache tu kabla ya hapo watazamaji wapatao 5,000 walikuwa wamekaa chini yake wakitazama mpira wa kikapu. Ukumbi ulikuwa mtupu, na hakuna aliyekufa.

Paa hilo lilikuwa mtandao wa vyuma vilivyounganishwa kwa maelfu, na lilihesabiwa kwa kompyuta wakati ambapo jambo hilo lilikuwa bado jipya. Hesabu zilichukulia kwamba vyuma vya juu vilivyogandamizwa vimeshikwa katikati visiweze kupindika kwa upande. Uchunguzi uliofanywa baada ya ajali ulionyesha kwamba viungo, jinsi vilivyotengenezwa, havikushika hivyo: vyuma vya kushikilia viliungwa mbali kidogo na mahali vilipodhaniwa, na penye ukingo wa paa havikuweza kuzuia kupindika. Tena paa lilikuwa limetoa onyo lenyewe. Wakati wa ujenzi mnepo uliopimwa ulikuwa karibu mara mbili ya uliohesabiwa, na tofauti hiyo ikachukuliwa kuwa ni jambo la kawaida.

Paa la Hartford halikuwa la kufumuliwa, lakini funzo lake lahusu kila kiunzi. Kipimo kikitofautiana na kielelezo, kinachopaswa kuulizwa kwanza ni kielelezo, na ndani ya kielelezo, viungo.

Kiunzi kinapofungwa mara ya pili

Kiunzi cha kudumu hufungwa mara moja. Cha kufumuliwa hufungwa mara nyingi, na kila mara hurudi kikiwa tofauti kidogo. Matundu hulika yakawa mapana, hivyo nafasi ya kuteleza huongezeka. Nyuso za mabamba hupata rangi, matope au mafuta, hivyo msuguano hupungua. Hesi hushika kutu au hujaa mchanga, hivyo momenti ile ile ya spana huleta kani ndogo zaidi ya kubana. Bolti iliyowahi kukazwa kupita mpaka wake wa kunyumbuka haina tena uwezo wake wa kwanza. Kanuni za Marekani hukataza kabisa kuzitumia tena bolti za nguvu nyingi zilizopakwa zinki mara zikishakazwa kikamilifu.

Kwa sababu hizo mbunifu mwangalifu hafanyi hesabu moja. Hukihesabu kiunzi mara ya kwanza viungo vikiwa vimebana, kisha mara ya pili vikiwa vimeteleza mpaka mwisho wa nafasi zake. Huhesabu pia kwa S kubwa na kwa S ndogo. Momenti ya nguzo huchukuliwa kutoka hesabu iliyoikuza, na mnepo wa boriti kutoka hesabu iliyoukuza. Kiunzi kikisalimika katika hali zote mbili, haidhuru sana ukweli uko wapi baina yao. Pasipoaminika msuguano, kiungo hubuniwa kwa kuegemea, na kazi ya kuzuia kuinama hupewa mshazari.

Jaribio la darasani

Shule yoyote yenye karakana ndogo yaweza kuyathibitisha haya. Zitafutwe fito nne za mbao zenye urefu wa sentimita 50, zitobolewe na kufungwa ziwe mraba kwa bolti moja penye kila kona. Fito ya chini ishikwe mezani, na ya juu ivutwe kwa mizani ya springi sambamba na meza. Kwanza nati ziwe legevu, kisha zikazwe kwa vidole, kisha kwa spana, na kila mara kani ya kuanza kuteleza iandikwe. Baadaye kila kona itiwe bolti ya pili, na mwisho itiwe fito ya mshazari. Wanafunzi wachore grafu ya kani dhidi ya umbali wa kuhama. Wataona mstari unaopanda, kisha sehemu bapa ambapo kiungo chateleza, kisha mstari unaopanda tena bolti inapoegemea ukingo wa tundu.

Kizigeu cha msuguano nacho chaweza kupimwa kwa mabamba mawili na ubao ulioinamishwa. Bamba la juu likianza kuteleza pembe ikiwa nyuzi 17 hivi, kizigeu ni tanjiti ya pembe hiyo, yaani karibu 0.3. Jaribio lirudiwe bamba likiwa limepakwa mafuta, na namba mpya itiwe katika hesabu ya bolti iliyoonyeshwa hapo juu.

Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo atakapopita karibu na jukwaa linalofungwa uwanjani, atajua kinachofaa kutazamwa. Ataangalia kama kila tundu lina bolti yake, kama nati zimekazwa kwa spana yenye kipimo au kwa kukisia, na kama mishazari yote imerudishwa mahali pake. Yaliyosalia, watu watakaopanda juu yake hawana njia ya kuyajua.